Kauli ya Mgonjwa: Wasia wa Kitandani na Magomvi ya Mirathi

Hakuna karatasi inayosomwa kwa macho makali kuliko ile aliyoiandika mtu katika ugonjwa uliomuua. Maiti akiisha kuzikwa na hitima ikiisha kusomwa, na jamaa waliotoka mbali wakiwa bado hawajafunga mizigo yao, hutokea mmoja katika aila, aghalabu yule aliyekaa karibu zaidi na kitanda, akatoa hati iliyokunjwa akasema kwamba marhumu aliusia. Na papo hapo hutokea mwingine, aghalabu yule aliyefika kwa basi la mwisho, akauliza swali lililokwisha kugawa nyumba nyingi kutoka Lamu mpaka Lindi: aliandika lini, na alikuwa katika hali gani?

Swali hilo ni la haki, wala kuliuliza si kumvunjia mfu heshima. Ila wengi wanaoliuliza huridhika na jibu fupi, kwamba alikuwa mgonjwa sana, wakidhani kwamba kwa maneno hayo wameubatilisha wasia, kumbe mbele ya kadhi na mbele ya hakimu bado hawajasema kitu. Ugonjwa hauvunji wasia kwa jina lake tu. Anayeupinga hana budi kueleza ni nini ugonjwa ule ulimfanyia mwenye kuusia: je, ulimwondolea akili hata asijue atendalo? Au akili ilikuwa timamu, lakini sheria ilikwisha kumfunga mkono asitoe zaidi ya kiasi fulani? Au akili ilikuwapo na kiasi hakikupitwa, ila udhaifu wa mwili ulimtia katika mamlaka ya waliomzunguka, na matakwa yaliyoandikwa si yake bali ni yao? Haya ni madai matatu mbalimbali. Kila moja lina ushahidi wake na hukumu yake, na aila inayoyachanganya, ikaanza na moja na kumalizia na jingine, huweza kushindwa kesi ambayo ilikuwa na haki ya kuishinda.

AKILI KATIKA MWILI DHAIFU

Tuanze na akili, maana ndiyo inayotajwa kwanza. Wengi hudhani kwamba mwili ukidhoofika akili nayo hudhoofika kwa kadiri ile ile, na kwamba mtu asiyeweza kuinua kikombe hawezi kupima mambo yake. Waswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kulikataa wazo hilo, kwa kuwa mojawapo ya tungo zetu zinazoheshimiwa mno, utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, ulitungwa yapata mwaka 1858 na mama aliyekuwa akiugua, ambaye hakuishi miaka mingi baada yake, naye akaupangia vina na mizani katika beti mia na kitu ili amwachie binti yake waadhi wa dini na wa dunia. Aliyeweza kulinda vina vya beti mia katika maradhi, hakika angeweza pia kusema ni nani achukue shamba na nani achukue nyumba.

Sheria ya Kiingereza, ambayo mahakama za Kenya na Tanzania zilirithi misingi yake mingi, ilipata kanuni yake ya akili katika kesi ya mtu ambaye kwa kumtazama tu ungesema hafai kuusia hata kuku. Mtu huyo, John Banks, alikaa Cumberland, kaskazini ya Uingereza. Alipata kufungiwa katika nyumba ya wendawazimu, na baada ya kutoka aliendelea kuamini kwamba mashetani humwandama na kwamba mtu mmoja aliyekwisha kufa zamani bado humfuatia kumdhuru. Mwaka 1863 aliandika wasia akamwachia mali yake mpwa wake wa kike aliyekuwa akikaa naye. Banks akafa mwaka 1865, na yule mpwa akamfuata baada ya muda mfupi, na mali ikaangukia kwa mtu asiyekuwa wa damu ya Banks; ndipo jamaa walipokwenda mahakamani kudai kwamba wasia wa mwendawazimu si wasia. Hukumu ilitoka mwaka 1870, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Sir Alexander Cockburn, nayo iliuthibitisha wasia ule.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka, japo si nyepesi kuithibitisha. Mwenye kuusia, alisema, anatakiwa ajue kwamba anaandika wasia na nini matokeo yake. Ajue kwa jumla ukubwa wa mali anayoitoa. Awakumbuke wale wenye haki ya kutazamia kitu kutoka kwake. Na asiwe na uharibifu wa akili uliogeuza mapenzi yake kwa watu hao au kumfanya atoe mali ambavyo asingetoa akiwa mzima. Mashetani ya Banks, kwa kuwa hayakumfanya amchukie wala kumpenda yeyote katika jamaa zake, hayakuugusa wasia. Kwa hiyo mahakama haiulizi kama akili ya mgonjwa ilikuwa kamili kama ya mtu wa soko. Inauliza kama ilitosha kwa kazi ile moja, saa ile moja.

Kanuni hiyo hutajwa mpaka leo katika hukumu za Kenya, na Sheria ya Urithi ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1981, imeifuata kwa maneno yake yenyewe: mwenye kuandika wasia huchukuliwa kuwa na akili timamu, isipokuwa kama wakati wa kuandika alikuwa katika hali, iwe ni kwa ugonjwa wa akili au wa mwili, kwa ulevi au kwa sababu nyingine yoyote, ya kutojua anachofanya, na mzigo wa kuthibitisha hali hiyo uko juu ya anayeidai. Katika Tanzania, Kanuni za Sheria za Mila za mwaka 1963 nazo zinahesabu ugonjwa kuwa miongoni mwa mambo yawezayo kumwondolea mtu utimamu wa akili hata wasia wake usifae, lakini kinachoubatilisha ni kule kukosekana kwa utimamu, si kule kulala kitandani.

Neno "saa ile" ndilo lenye uzito. Waganga wanajua kwamba mgonjwa mahututi hufikwa na kuchanganyikiwa kunakopanda na kushuka katika siku moja, aghalabu kukizidi jioni na usiku: figo zikishindwa kazi, taka za mwili hujilimbikiza katika damu na kufifisha fahamu, ini likiharibika hutokea vivyo hivyo, na dawa kali za kutuliza maumivu, kama mofini, huweza kumpa mgonjwa raha na kumchukulia fahamu kwa pamoja. Mtu huyo huyo asubuhi huwataja wajukuu wote kwa majina, na baada ya magharibi humwita mwanawe kwa jina la ndugu yake aliyekwisha kufa. Kwa sababu hiyo shahidi anayekuja mahakamani kusema kwamba marhumu "siku zile hakuwa akijitambua" hasaidii sana, ilhali daftari la wauguzi, linaloonyesha saa ya dawa na hali ya mgonjwa alipoamshwa, laweza kumaliza mabishano.

Zaidi ya hayo, sheria ya Kiingereza ilikwisha kukubali mwaka 1883 jambo ambalo huwashangaza wengi. Mjane mmoja kijana, aliyeuguzwa figo, alikuwa amemweleza wakili wake kwa fahamu kamili namna atakavyo mali yake igawiwe. Wasia ulipokuwa tayari, yeye alikwisha kuzama katika usingizi wa ugonjwa, akawa huamshwa kwa kitambo kidogo tu. Karatasi ikatikiswa mbele ya uso wake, akaambiwa kwamba huu ni wasia wake, akaulizwa kama anataka mtu mwingine amtilie sahihi, akaitika. Jaji Sir James Hannen alieleza kwamba, ikiwa katika dakika ile alielewa kuwa anatia sahihi wasia aliokwisha kuuagiza, basi yatosha, hata kama hakuweza tena kukumbuka kila sehemu yake. Ni kanuni ya huruma kwa mgonjwa. Bali ni kanuni inayotegemea kuwapo kwa maagizo ya awali, yaliyotolewa kwa akili nzima na kuhifadhiwa, na bila ya hayo haiwezi kusimama.

MKONO ULIOFUNGWA

Kwa Mwislamu, hata hivyo, swali la akili ni nusu ya habari. Sheria yake inatazama jambo jingine ambalo sheria ya Kiingereza haikulishughulikia hivyo: kwamba mtu aweza kuwa na akili kama ya kadhi mwenyewe na bado asiwe na ruhusa ya kuitoa mali yake apendavyo, kwa kuwa mauti yamekwisha kumkaribia na haki ya warithi imekwisha kuigusa mali ile.

Asili yake ni kisa mashuhuri. Katika mwaka wa 10 wa Hijra, wakati wa Hija ya Kuaga, Saad bin Abi Wakkas aliugua huko Makka hata ikahofiwa kwamba atakufa. Mtume alipokwenda kumtazama, Saad alimweleza kwamba anayo mali, wala hana wa kumrithi ila binti mmoja, akaomba ruhusa atoe thuluthi mbili, akakatazwa, akashuka mpaka nusu, akakatazwa, akashuka mpaka thuluthi, akaruhusiwa, akiambiwa kwamba nayo thuluthi ni nyingi, na kwamba ni bora kuwaacha warithi wakiwa na kitu kuliko kuwaacha wakinyosha mikono kwa watu. Hakuna katika kisa hiki aliyeishuku akili ya Saad. Kilichozuiliwa ni mkono wake. Tena Saad hakufa kwa ugonjwa ule. Alipona, akaongoza majeshi katika vita vya Kadisiya, akazaa watoto wengine, akaishi zaidi ya miaka arobaini. Na lau angeitoa mali yote siku ile kwa kudhani hana warithi ila mmoja, hao waliozaliwa baadaye wangeikuta nyumba tupu.

Juu ya msingi huo wanavyuoni walijenga mlango mzima wa maradhi ya mauti, na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, kitabu kilichorejewa na makadhi kizazi baada ya kizazi ni Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Nawawi hakutosheka kusema "ugonjwa mkubwa". Alihesabu: msokoto wa tumbo, ugonjwa wa ubavuni, kutoka damu puani kusikokoma, kuhara kusikokatika, na mwanzo wa kupooza, ambao aliutenga na kupooza kwenyewe kuliko kwisha kuwa mazoea. Kisha akaongeza watu wasiougua kabisa: askari waliokwisha kushikana katika vita vya nguvu sawa, anayepelekwa kuuawa kwa kisasi, mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, na abiria wa chombo kilichopigwa na upepo na kuinukiwa na mawimbi. Nahodha wa jahazi aliyesema katika dhoruba ya kusi kwamba chombo chake ni cha rafiki yake, kikazama na yeye akafa, hukumu yake ni kama ya aliyekuwa kitandani. Na pale inaposhukiwa kama ugonjwa fulani ni wa kuhofiwa au si wa kuhofiwa, Nawawi anataka matabibu wawili waadilifu. Hakumwachia shemeji aliyekuwa chumbani.

Sheria ya Kituruki iliyotungwa katika karne ya 19 kwa madhehebu ya Hanafi, yaani Majalla, ilitafuta kipimo cha wazi zaidi: ugonjwa unaohofiwa kifo, uliomzuia mwanamume asitoke kwenda kwenye shughuli zake na mwanamke asifanye za nyumbani kwake, na kifo kikafuata kabla ya mwaka kupita; lakini maradhi yakidumu zaidi ya mwaka katika hali moja bila kuzidi, mgonjwa huhesabiwa kuwa kama mzima. Kipimo hicho kina faida kubwa kwa wakati wetu, ambapo mtu huishi na sukari, au na shinikizo la damu, au na virusi vya Ukimwi kwa miaka mingi, akifanya biashara na kuoza watoto. Ni upuuzi kusema kwamba kila alichokitoa katika miaka yote hiyo alikitoa katika maradhi ya mauti. Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu, lililokutana Abu Dhabi mwaka 1995, lilifuata njia iyo hiyo kuhusu Ukimwi: hauhesabiwi kuwa maradhi ya mauti mpaka dalili zake zikamilike, ukamlemaza mgonjwa asiweze maisha ya kawaida, na mauti yakaungana nao.

Hukumu ikishathibiti, matokeo yake ni mapana kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa hayagusi wasia peke yake. Hiba aliyoitoa mgonjwa katika maradhi yale, wakfu aliouweka, deni alilolisamehe, vyote huingizwa katika hesabu ya thuluthi. Na kama aliyepewa ni mrithi, basi hata ndani ya thuluthi hapati kitu kwa njia hiyo ila warithi wenziwe waridhie, kwa kuwa Mtume alikataza wasia kwa mrithi. Hapo ndipo linapozuka gomvi lenye uchungu kuliko magomvi yote ya mlango huu, yaani gomvi la binti aliyeuguza. Mama amelala miezi mingi. Wana wa kiume wako Nairobi, Maskati au London, na wanaleta fedha. Aliyemgeuza kitandani, aliyemwosha na kumlisha, ni binti mmoja, na mama, kwa akili yake yote, anamwita mwandishi aandike kwamba nyumba ni ya binti huyu. Siku ya kugawa tarika ndugu wanasema mama hakuwa na akili, na binti anaapa kwamba alikuwa nayo. Wote wawili wanagombana mahali ambapo si pake. Mama akili alikuwa nayo. Lililomzuia ni kwamba alitoa akiwa amechelewa, na alimpa mtu ambaye sheria ilikwisha kumwekea fungu lake.

Je, hiyo si dhuluma kwa binti? Wengi huona hivyo, wala si haki kuwabeza. Bali sheria haikumwacha bila mlango. Mama angaliweza kumpa nyumba ile alipokuwa mzima, na kuikabidhi. Na kukabidhi huku si jambo la adabu tu. Imepokewa kwamba Abubakar Swidiki alikuwa amempa binti yake Aisha mavuno ya mitende, lakini Aisha hakuyachukua. Mauti yalipomjia, yule baba, ambaye hakuna aliyempenda kuliko Aisha, alimwambia kwamba lau angaliyachukua yangekuwa yake, ila leo yamekwisha kuwa mali ya warithi. Ikiwa Abubakar mwenyewe aliona kwamba zawadi isiyokabidhiwa huzuiliwa na kitanda cha mauti, hakuna mzazi wa leo atakayetafuta ruhusa iliyo pana kuliko hiyo. Na tuongeze kwamba Kanuni za Mila za Tanzania za 1963 zimelitazama jambo hili kwa upande wake wa pili: zinamruhusu mwenye kuusia amnyime urithi yule ambaye bila sababu ya haki hakumtunza katika njaa au ugonjwa, mradi aliseme hilo waziwazi katika wasia na huyo anyimwaye apate nafasi ya kujitetea.

Kuna hila mbili zinazotumika kuukwepa ufungaji huu, na zote mbili ni vema zijulikane. Ya kwanza ni ikrari ya deni. Mgonjwa asiyeweza kumpa mwanawe hukiri kwamba anawiwa naye, kwa kuwa deni hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi. Wanavyuoni wa Shafii, kwa kauli iliyotegemewa, wanaikubali ikrari hiyo hata kwa mrithi, wakisema kwamba mtu aliye ukingoni mwa kaburi aghalabu husema kweli. Wahanafi wanaikataa ila warithi waisadiki, wakisema kwamba ukingoni mwa kaburi ndipo mapenzi yanapozidi nguvu. Ya pili ni ridhaa ya kitandani: jamaa hukusanywa chumbani, mgonjwa akasema alitakalo, na kila mmoja, kwa haya na kwa machozi, akaitikia kwamba ameridhika. Kwa madhehebu ya Shafii kuitikia huko hakumfungi mtu yeyote. Ridhaa ya mrithi haina hukumu mpaka mwenye mali awe amekufa, maana kabla ya hapo anaridhia kutoa kitu ambacho si chake bado. Basi anayekataa baada ya maziko hakuvunja ahadi yoyote inayotambulikana katika sheria, hata kama majirani watamwita mnafiki.

HIARI NA WALIOMZUNGUKA

Limebaki dai la tatu, ambalo ndilo gumu kulithibitisha na ndilo ambalo mara nyingi huwa kweli. Mgonjwa ana akili, na anachotoa si zaidi ya alichoruhusiwa, lakini hali chakula ila kwa mkono wa mtu mmoja, haoni wageni ila wale ambao mtu huyo amewakubalia, na hasikii habari za wanawe ila kwa ulimi wa mtu huyo. Hakuna haja ya kumtishia kwa kisu. Yatosha kumkumbusha kila siku nani amekuja na nani hakuja, na kumuuliza uji ukiwa mkononi kama amekwisha kufikiri habari ya shamba. Sheria ya Kenya imeliona hilo. Inabatilisha wasia uliopatikana kwa ulaghai, kwa kushurutishwa, kwa makosa, na pia ule uliopatikana kwa kung'ang'aniwa kwa maombi mpaka hiari ikamtoka mwenye kuusia.

Mahakama, isiyoweza kuingia chumbani baada ya watu kuondoka, hutazama dalili. Mwaka 1838, katika rufani iliyosikizwa London, iliwekwa kanuni ambayo bado inatumika: mtu aliyeuandika wasia, au aliyeutengeneza, akawa mwenyewe ananufaika kwao, amejiletea shaka, na mahakama isiupokee mpaka ithibitike kwamba marhumu aliyajua yaliyoandikwa na kuyaridhia. Hapo mzigo wa ushahidi, ambao kwa kawaida umo mabegani mwa anayepinga, huhamia kwa anayeuleta wasia. Basi ataulizwa: nani alimwita wakili? Nani alikuwamo chumbani? Nani alilipa ujira? Kwa nini mashahidi wote ni wa upande mmoja wa aila? Kwa nini wasia wa zamani, uliokaa miaka kumi, ulibadilishwa katika juma la mwisho?

Suala hilo la mashahidi limetungiwa kanuni zenye hekima nyingi. Sheria ya Kenya yataka mashahidi wawili kwa wasia wa maandishi, na ikiwa shahidi mwenyewe ameachiwa kitu, fungu lake huanguka ila wapatikane wengine wawili wasiokuwa na manufaa. Wasia wa mdomo nao hukubaliwa ukisemwa mbele ya mashahidi wawili, lakini mwenye kuusia asipokufa katika miezi mitatu, maneno yale hayana nguvu tena, kwa kuwa aliyepona amepata wasaa wa kuandika. Waislamu wa Kenya, tangu mabadiliko ya mwaka 1990, hawamo katika sheria hiyo, bali hufuata sheria yao, nayo Katiba ya 2010 ikazihifadhi mahakama za kadhi kwa mashauri ya mirathi ya wale waliokubali kwenda kwake. Kanuni za Mila za Tanzania, kwa upande wao, zataka wasia wa mdomo uwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Waliotunga kanuni hiyo walijua walifanyalo: wa ukoo wapo kwa sababu wao wanamjua mgonjwa na mali yake, na watu baki wapo kwa sababu hawana cha kupata.

KABLA YA KUSHIKA KALAMU

Haya yote hayamaanishi kwamba mgonjwa aachwe afe na kauli yake. Mwenye mauti mbele yake ndiye mwenye haja ya kuusia kuliko wote: ana madeni ya kutaja, amana za kurudisha, watoto wadogo wa kukabidhi kwa wasii, na pengine jamaa wasiorithi, ambao kwa Maibadhi wa Unguja na Omani ni wajibu kuwausia. Kinachotakiwa ni kwamba wanaomsaidia wajibu yale maswali matatu siku ile ile ya kuandika, wakati majibu yangalipo, wala wasiyaachie mahakama iyatafute baada ya miaka mitano.

Kwa swali la akili, na aitwe daktari. Jaji Templeman wa Uingereza alishauri mwaka 1975 kwamba wasia wa mzee au wa aliyeugua sana ushuhudiwe na tabibu aliyempima na kuandika alichokiona, hata kama kumwita kunaonekana ni utovu wa adabu. Na ushauri huo, ukiutazama, haukwenda mbali na wale matabibu wawili wa Nawawi. Daktari huyo asiulize tu "Bibi, hujambo?" akaridhika na "Sijambo"; amuulize ana mali gani, ana watoto wangapi, nani anampa na kwa nini, na majibu yaandikwe pamoja na saa. Kwa swali la kiasi, Mwislamu na amwulize kadhi au mwanachuoni kabla ya kumwuliza mpiga chapa, ajue thuluthi yake ni ngapi baada ya madeni, na ajue kwamba mwanawe hamwachii kwa wasia. Kwa swali la hiari, anayenufaika na atoke chumbani. Asichague wakili, asiwe shahidi, wala asiwe ndiye mtunza hati. Tanzania ina wakala wa serikali, RITA, anayepokea wasia na kuuhifadhi, na karatasi iliyolala huko haiwezi kuambiwa kwamba ilitoka chini ya mto wa mtu.

Wako wanaochelea kuandika wakiwa wazima, wakiona kwamba ni kuyaita mauti, ingawa Mtume aliwahimiza wenye kitu cha kuusia wasipitishe hata siku mbili bila ya wasia wao kuwa umeandikwa. Kuchelea huko ndiko kunakoujaza mlango huu kesi. Wasia wa mtu mzima hauulizwi hata swali moja kati ya haya matatu kwa ukali unaoulizwa wa mgonjwa. Na mtu mzima anao uhuru ambao mgonjwa hanao, wa kumpa binti aliyemtumikia na kumkabidhi mbele ya ndugu zake, wamwone akiipokea, na wakiwa na neno walinene yeye mwenyewe angali hai wa kuwajibu.

Ama wale waliokwisha kufiwa, na karatasi imekwisha kusomwa, haki yao ya kuupinga wasia ipo, bali ina adabu yake. Na waseme ni lipi kati ya matatu wanalolidai, na walete ushahidi wa hilo: daktari na daftari la hospitali kwa akili, hesabu ya tarika na tarehe ya ugonjwa kwa kiasi, na habari za waliokuwamo chumbani kwa hiari. Asiyekuwa na hata moja katika hayo, akawa hana ila kusema kwamba marhumu alikuwa mgonjwa, na amwachie marhumu kauli yake ipite.